Maziwa ya Kulwa

Nawasalimu katika jina lake aliyenipa mimi pumzi, akampa pumzi na huyu mtoto niliyempakata. Bwana asifiwe!

Wengi wenu mnanijua kwa jina la ubatizo, Magreth, yule anayefagia na kupanga mabenchi kabla ya ibada. Nyumbani Kwihara naitwa Doto. Kwetu mapacha hawatafutiwi majina: anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, anayemfuata ni Doto. Kwa hiyo kila anayelisikia jina langu huniuliza Kulwa wangu yuko wapi. Tangu utoto nilikuwa na jibu moja, kwamba yuko nyumbani, amelala. Ndivyo nilivyofundishwa kujibu, na ndivyo nilivyojibu mpaka nikawa mtu mzima.

Ndugu zangu, Kulwa wangu alikuwa kibuyu.

Kilikuwa kibuyu cha kawaida, chenye shingo nyembamba, kimefungwa kaniki kama mtoto anavyofungwa mgongoni, mdomo wake umeachwa wazi. Kililala pembeni yangu kitandani. Uji ukiiva, kijiko cha kwanza kilitiwa ndani yake, cha pili ndipo kikaja kwangu. Bibi yetu Nyamizi, mama yake mama, ndiye aliyesimamia hayo. Ni desturi ya zamani katika ukoo wetu: pacha mmoja akiondoka, hasemwi kwamba amekufa. Inasemwa amempisha mwenzake. Wala haliliwi, kwa sababu machozi yatamwita aliyebaki aende naye. Badala yake anawekewa kibuyu kinacholala na kula pamoja na aliye hai, ili asimwonee wivu.

Sikukiogopa. Asubuhi nilikikuta kina joto upande ulionielekea, na nilijua ni joto la mwili wangu. Ila kuna asubuhi nyingine nilikikuta kina joto upande wa pili, ule ulioelekea ukutani. Hilo sikumwambia mtu.

Nyuma ya shamba letu inapita njia ya zamani ya misafara, waliyoipita wapagazi na watumwa kwenda pwani. Watalii huja kutazama tembe, ile nyumba ya udongo aliyokaa Mzungu mmoja zamani za misafara, wanapiga picha, wanaondoka. Njia yenyewe hawaioni, maana imebaki ukanda tu wa ardhi ambao mahindi yake huwa mafupi. Bibi alitukataza kusimama pale jua la utosi. Alisema walioanguka njiani waliachwa walipoanguka, msafara ukaendelea, hakuna aliyewalilia. Kwa hiyo bado wanatembea, na hutembea mchana, saa ambayo mtu hana kivuli, wakitafuta wa kuwalilia. Nilipokuwa mtoto niliamini. Nilipookoka nikasema ni hadithi za wazee. Leo sibishani na mtu. Nasimulia niliyoyaona.

Baba alitangulia kufa, kisha mama, Neema kitindamimba wetu akiwa bado ananyonya. Mimi nilikuwa darasa la sita. Matanga yalipoisha bibi alikichukua kile kibuyu, akakipandisha darini, akaniambia sasa nina watoto wa kweli wa kubeba. Sikurudi shule. Nililima tumbaku ya watu, nikafua nguo za watu mjini, mtaa wa Cheyo, Neema yuko mgongoni. Yohana, wa katikati, alisoma mpaka akachoka mwenyewe, akaenda Igunga kuchunga ng'ombe. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka mwelewe kwamba Neema nilimlea kwa mgongo huu, na alichozaa Neema kilikuwa kama nimezaa mimi.

Alipopata mimba, mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa safarini. Mimba ikaonekana ni ya mapacha, kama ile ya mama. Miezi haijatimia, Neema akiwa anapepeta mahindi uani, chupa ya uzazi ikapasuka. Tukamkimbiza mjini kwa bajaji. Presha ilikuwa juu, wakampasua siku ile ile, wakatoa wasichana wawili. Hakuna aliyewapa majina. Yalikuwepo tayari.

Ndugu zangu, ambaye hajaingia chumba cha watoto njiti hawezi kukijua kwa kusimuliwa, lakini nitajaribu. Ni chumba chenye joto la kama ndani ya chungu kilichofunikwa. Watoto wamelala kwenye masanduku ya kioo, kofia za sufu kichwani, wengine wamefunikwa macho, mwanga wa buluu unawamulika kutibu manjano. Hawalii. Hilo ndilo lililonishtua kuliko yote: chumba kimejaa watoto na hakuna kilio. Zinazolia ni mashine. Mtoto ana mpira mwembamba unaopita puani mpaka tumboni, na ngozi yake unaona ndani yake, kama jani ukilinyanyua juani.

Kulwa mdogo hakuvuka siku ya pili. Aliyeniambia ni nesi mmoja, nitamwita Mwajuma, mama wa makamo, mpole wa sauti. Alinishika bega akasema Mungu amemchukua. Nikataka kulia, na machozi yakakataa, maana bibi alikuwa amesimama nyuma yangu.

Bibi na kina mama wa ukoo walimchukua yule malaika, wakamzika Kwihara mahali penye unyevu karibu na kisima, kama wanavyozikwa mapacha wa kwetu. Hakukuwa na turubai wala wimbo. Hakuna aliyempa mwenzake pole. Kisha bibi alirudi hospitali, akaketi kwenye kitanda cha Neema katika wodi ya wazazi, akamwambia, "Kulwa amempisha mwenzake. Usilie." Neema alitutazama, mimi na bibi, akageuzia uso ukutani. Hakulia. Mimi nilisimama pale, mtu niliyeokoka, mwimbaji wa kwaya, na sikuongeza neno.

Siku iliyofuata bibi akaja na kibuyu.

Nilikitambua kabla hakijafunguliwa. Kaniki ilikuwa mpya, kibuyu kilikuwa kile kile, na alama yangu ya meno kwenye shingo. Bibi alitaka kilazwe ndani ya sanduku la kioo, ubavuni mwa Doto mdogo. Nesi Mwajuma alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa heshima kwamba mle ndani haiingii hata shanga, sababu ya vijidudu. Bibi hakubishana. Alikiweka kwenye kitanda cha Neema, upande wa ukutani, na mtu aliyepita aliona mama amelaza kitu ndani ya kaniki, akadhani ni mtoto.

Basi tukagawana kazi. Neema alikuwa na kidonda na presha, haruhusiwi kukaa muda mrefu. Akawa anakamua maziwa kitandani, bibi anayaleta kwa kikombe chenye mfuniko, nesi anayamimina kwenye mpira. Mimi nikapewa kazi ya kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, nimefungwa naye kwa kitenge. Wanaiita kangaruu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na wanawake wengine waliobeba watoto wao, na walinitania kwamba mimi nimepata mtoto bila kuugua kichefuchefu. Bibi naye, akileta kikombe, aliniita mke mwenza kama kawaida yake, akasema babu yangu kaburini atafurahi kusikia mkewe mdogo amezaa. Tulicheka. Nisiwafiche, kulikuwa na kucheka mle.

Nesi alinifundisha jambo moja. Watoto njiti husahau kupumua, kwa kuwa wametoka kabla ya kujifunza. Ukiona kifua kimetulia, unamsugua unyayo, anakumbuka. Nikawa nasugua kale ka unyayo, kadogo kuliko kidole gumba changu, na mtoto anashtuka, anavuta hewa. Mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka wenzangu wakaitika amina.

Lakini ikawa inajirudia mchana. Asubuhi alipumua vizuri. Jua likifika utosini, jengo likatulia, wageni wametoka, wauguzi wanazungumza kwa sauti za chini, ndipo anasahau. Tena na tena, saa ile ile ambayo kikombe cha mchana kilikuwa njiani.

Na kuna jambo lingine. Doto mdogo nilimlaza upande wangu wa kulia, kichwa chini ya shingo yangu. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu, ni kitenge tu. Siku moja nikiwa nimefumba macho naomba, nikahisi uzito upande wa kushoto. Uzito mdogo, wa kiasi kile kile. Nilidhani mtoto ameteleza. Nikafumbua macho, yuko pale pale kulia. Nikaingiza mkono ndani ya kitenge upande wa pili. Hapakuwa na kitu. Lakini ngozi yangu ilikuwa na unyevu mahali padogo, kama pale mtoto anapokuhemea.

Nikakemea kwa jina la Yesu. Nilikemea kweli kweli, ndugu zangu! Uzito haukutoka. Haukunidhuru wala haukusogea. Ulikaa tu, kama kitu kinachosubiri zamu yake.

Wakati huo mizani ikawa haisogei. Watoto waliokuja baada yetu waliongezeka, wakahamishwa, wa kwetu alibaki vile vile, na baadaye akaanza kupungua. Daktari alipima damu, hakuona ugonjwa. Nesi Mwajuma alikwenda mwenyewe kumkagua Neema, akarudi amekunja uso. Aliniambia, "Mama mkubwa, matiti ya mdogo wako yamejaa, kikombe hakijai. Maziwa yanakwenda wapi?" Nikajibu sijui, na kweli sikujua. Kutwa nilikuwa kwenye kile kiti.

Mchana uliofuata umeme ulikatika. Haikuwa muda mrefu, jenereta iliwaka, lakini katikati kuna kipande cha ukimya ambacho sijawahi kukisikia mahali pengine. Mashine zote zikanyamaza. Mwanga wa buluu ukazimika. Dirishani jua jeupe, uani hakuna mtu. Na katika ukimya ule nikasikia kitu kinameza. Sauti ndogo, ya taratibu, kama mtoto anayenyonya akiwa ameshiba nusu. Ilitoka ndani ya kitenge changu, upande wa kushoto. Ndugu zangu, mtoto wangu alikuwa hanyonyi! Alikuwa analishwa kwa mpira!

Nikamtazama. Kifua kimetulia. Nikasugua unyayo, hakushtuka. Nikasugua tena, midomo ikawa ya rangi ya zambarau. Nikapiga ukelele, Nesi Mwajuma akamchukua mikononi mwangu, akamweka mezani, akampulizia hewa kwa kifuko cha mkono, wauguzi wamemzunguka. Nilisimama pembeni na kitenge kinaning'inia. Kisha nikaona mkono wa mtoto umekunja vidole. Amerudi. Wakamrudisha kwenye kioo na oksijeni, wakaniambia nitoke nipate hewa.

Sikwenda kupata hewa. Nilikwenda wodi ya wazazi. Mpaka leo siwezi kusema nani aliniongoza, mimi nasema ni Bwana.

Nilimkuta Neema ameketi kitandani, gauni limefunguliwa kifuani, amekipakata kibuyu mkononi kama mtu anayenyonyesha. Bibi ameshika kikombe. Maziwa yalikuwa yamekamuliwa muda huo. Na Neema alikuwa anayamimina kwenye mdomo wa kibuyu, kidogo kidogo, anasimama, anasubiri kimeze, anamimina tena.

Sikupaza sauti. Niliuliza wanafanya nini. Neema akanijibu bila kugeuka, "Huyu kwanza, dada. Halafu mwenzake." Alisema kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mama analijua. Kumbe tangu siku kibuyu kilipoletwa, kila mkamuo aligawa katikati, nusu ya kwanza ya Kulwa, iliyobaki ya Doto. Hakuwa mjinga, hakuwa mwendawazimu. Alikuwa mama wa watoto wawili ambaye hakuna aliyemwambia mmoja amekufa.

Nikamwomba anipe nikishike. Akakaza mkono, kisha akanipa. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikijua kitakuwa kizito, maana kimemiminiwa maziwa kutwa mara nyingi, siku baada ya siku, na hakuna aliyekimwaga. Nilitarajia harufu ya maziwa yaliyoganda.

Kilikuwa chepesi. Nikakipindua juu ya mkono wangu. Halikutoka tone. Nikaingiza kidole mdomoni mwake mpaka mwisho wa kidole: pakavu. Kaniki kavu. Shuka kavu. Harufu hakuna. Nilitafuta ufa, nilikigeuza kote, na ule ufa sikuuona. Ila kilikuwa na joto, upande wa pili, ule ulioelekea ukutani.

Nikaketi kitandani. Bibi alinitazama, na katika macho yake sikuona ubaya. Niliona hofu. Akasema, "Usikitupe, Doto. Wewe uliishi kwa sababu yake. Ukikitupa, yule wa kwenye kioo atakifuata."

Ndugu zangu, hapo ndipo lilipokuwa jaribu langu. Maana nilimwamini. Nilikuwa nimebatizwa, nimeimba, nimefundisha watoto Jumapili, na chini kabisa ya hayo yote niliamini kwamba nimeishi kwa sababu ya kibuyu. Nikikiacha, mtoto atakufa, na nitakuwa nimemuua mimi. Nisipokiacha, kinakunywa maziwa yake, naye anakufa polepole mbele ya mizani.

Nikaomba. Haikuwa sala ndefu. Nilisema Bwana, mimi sijui, wewe unajua. Na niliponyamaza, kilichonijia hakikuwa maneno ya kukemea. Nilikumbuka ile njia nyuma ya shamba, mahindi mafupi, na sauti ya bibi akitukataza tulipokuwa watoto. Wale walioanguka njiani hawakuwa wanaomba uji. Hawakuomba maziwa wala kibuyu. Walitafuta wa kuwalilia.

Nikamwambia bibi, "Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba asiyeliliwa hapumziki. Mbona mapacha wetu tunawanyima?"

Bibi aliangalia kile kikombe mkononi mwake. Akaishusha mikono.

Basi nikamshika Neema mashavu, kama nilivyokuwa namshika akiwa mdogo ninapomnawisha uso, nikamgeuza anitazame. Nikasema, "Mdogo wangu, Kulwa amekufa. Hakumpisha mtu. Alikuwa mdogo sana, akafa. Tumemzika karibu na kisima na hatukumlilia." Kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, nikasema na lile jingine, ambalo halijawahi kutoka kinywani mwangu tangu nizaliwe. Nikasema, "Na Kulwa wangu alikufa."

Neema akalia. Sijawahi kusikia kilio kama kile, kilianzia chini kwenye kidonda. Wodi nzima ikageuka. Nami nikalia, nikamlilia mtoto wa Neema, nikamlilia dada yangu ambaye nililala naye miaka na sikumjua. Na kati yetu nikasikia sauti ya tatu, nyembamba. Bibi alikuwa amejifunika khanga usoni. Alikuwa anasema neno moja, analirudia, na nilipomsogelea nikalisikia. "Alikuwa na nywele nyingi," alisema. "Alikuwa na nywele nyingi." Ndiye aliyemzika Kulwa wangu. Alikuwa amelibeba hilo umri wangu wote.

Nesi Mwajuma akaja mbio, akauliza nani kafa. Neema akamjibu, "Kulwa." Yule mama, aliyelijua hilo tangu mwanzo, hakutucheka. Aliketi ukingoni mwa kitanda akasema poleni sana, akatupa mkono mmoja mmoja, kuanzia bibi. Hiyo ndiyo pole ya kwanza tuliyopewa. Huyu ni Mwislamu, ndugu zangu, na Mungu alimtumia.

Neema alipokuwa analia, gauni lake lote mbele likalowa. Maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe. Nesi akatwaa kikombe, kikajaa, akaomba kingine. Vyote viwili vikaenda chumba cha watoto njiti.

Sasa msidhani niliingia mle kwa ushujaa. Niliingia na hofu. Tulikuwa tumevunja kile kilichotulinda vizazi na vizazi, tumelia, tena kwa sauti. Wakamtoa mtoto kwenye kioo wakanirudishia kifuani, nesi akamimina maziwa ya kutosha kwa mara ya kwanza. Nikangoja.

Na kweli, kifua kikatulia.

Nikasugua unyayo. Hakushtuka. Nesi akanyoosha mikono kumchukua, na wakati huo huo nikahisi ule uzito wa kushoto, wazi kuliko siku zote. Sikukemea tena. Niliinamisha kichwa upande ule, nikasema kwa sauti, wote waliokuwepo wanasikia, "Mwanangu, tumekulilia. Mama yako anajua. Nenda kwa Bwana, hatutakusahau."

Ndugu zangu, uzito ule ukanyanyuka. Haukutoweka ghafla. Ulinyanyuka taratibu, kwa uangalifu, kama mama anavyomchukua mtoto wake aliyesinzia kifuani kwa mtu mwingine. Nilihisi mpaka ubaridi wa hewa mahali alipokuwa. Na kulia, Doto mdogo akavuta pumzi. Akavuta nyingine. Kisha akafanya ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Akalia! Kilio kidogo, cha paka, lakini mle ndani wanawake wote waliinua vichwa.

Sifa ni kwa Bwana! Hakusahau tena kupumua mchana. Kuna mara chache alisahau asubuhi, kama njiti wote, tukamsugua, akakumbuka. Mizani ikaanza kusogea. Mpira ukatolewa puani, akanyonya kwa mama yake, na Neema akafundishwa kumbeba mwenyewe, nami nikapokonywa kiti changu cha plastiki. Bibi akasema mke mwenza ameachishwa kazi.

Tuliporudi Kwihara bibi alitupeleka kisimani. Alinionyesha mahali pawili, papya pa mtoto wa Neema, na pengine pa zamani ambapo nilikuwa nimepita maisha yangu yote nikichota maji. Tukaimba, majirani wakaja, tukapewa pole za misiba miwili kwa pamoja. Kile kibuyu bibi alikizika mwenyewe pale pa zamani. Kabla ya kukifukia alikitikisa juu ya udongo. Zikatoka mbegu kavu na vumbi, basi.

Maziwa yale yalikwenda wapi, sijui. Nimeulizwa na wengi, mchungaji ameniuliza, Nesi Mwajuma ameniuliza. Sina jibu na sitatunga. Ninachojua ni kwamba mkono wa Bwana ulifika mahali ambapo hata mimi niliyeokoka sikuwa nimemfungulia.

Mkiniuliza leo Kulwa wangu yuko wapi, nitawajibu. Alikufa. Alikuwa na nywele nyingi. Yesu mwenyewe alisimama penye kaburi la rafiki yake akalia, na alijua atamfufua. Kama yeye alilia, mimi ni nani niogope machozi?

Ndugu zangu, huenda nyumbani kwako yuko mmoja ambaye hasemwi. Mimba iliyotoka, mtoto ambaye hakupewa jina, ndugu aliyeanguka safarini akazikwa na wageni. Umemwekea kitu, au umemwekea ukimya tu, na ukimya nao unakula. Usiogope. Mtumaini Bwana, sema jina lake, mlilie. Yule anayepokea watoto ana mikono ya kutosha.

Nimemaliza. Mnaona huyu amelala, anapumua mwenyewe, sijamshika unyayo. Nawaomba msimame mnisaidie kumshukuru Mungu. Na mwenye wake ambaye hajaliliwa aje hapa mbele, aketi nami kwenye benchi hili. Upande wangu wa kushoto pana nafasi.